Vifaa vya vikaragosi, Jumamosi

Habari za jioni wapendwa. Jumamosi tunaanza vichwa, kwa hiyo vifaa tuvitafute mapema.

Mimi napendekeza sponji. Msinunue mpya, mafundi makochi huwa na vipande vinavyobaki, wengine watakupa bure ukiomba vizuri. Chukua ngumu kidogo, unene wa sentimita 2 au 3, ukiibinya irudi yenyewe. Ya godoro kuukuu linalomomonyoka iache hukohuko. Kuunganisha tutatumia gundi ya viatu: unapaka pande zote mbili, unasubiri hadi isinate kidoleni, ndipo unabana. Harufu yake inalevya, tutafanyia nje, na watoto wasiiguse.

Mnaopenda kichwa cha magazeti yaliyobandikwa kwa uji wa ngano sawa, ila kwa mvua hizi kichwa kitakaa siku kadhaa bila kukauka, na mende wanaupenda uji huo kuliko sisi. Tieni chumvi kupunguza ukungu.

Ngozi ya juu: fulana za mtumba zinazovutika. Kitenge kibaki kwenye mavazi tu, mdomoni kitazuia taya kufunguka.

Mweka hazina, vile vifungo vya macho bado vipo?