Waini ya kuweka uje uuze baadae: soma hapa kabla hujatuletea chupa

Msimu wa sendoff na harusi ukiisha tu, hapa dukani Kirumba, Mwanza, maswali yanakua yale yale: "boss, nimeletewa chupa ya waini kutoka Ulaya, nikiiweka miaka kumi si itapanda bei?" Jibu fupi ni hapana, refu ndo hili.

Waini nyingi sana duniani zimetengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, zikizidi hapo hazipandi, zinakufa. Zinazopanda ni kundi dogo mno na majina ni yale yale, za Ufaransa kutoka maeneo mawili, Bordeaux kina Lafite, Latour, Margaux, Haut-Brion na Mouton, na Burgundy kina Romanée-Conti, alafu champagne kadhaa na chache za Italia. Madaraja ya ubora ya waini za Bordeaux yalipangwa 1855 na hayajaguswa sana toka hapo, Mouton kupanda daraja la kwanza ilibidi ingoje mpaka 1973. Kwaiyo ile nyekundu tamu ya supamaketi, hata kama lebo ina picha ya kasri, sahau. Na ya zabibu za Makutupora kutoka Dodoma naipenda mwenyewe na naiuza sana, ila nunua unywe na nyama choma mwaka huu huu.

Ni kweli kuna watu wamepiga hela. Romanée-Conti ya 1945, chupa moja, iliuzwa mnadani New York 2018 kwa dola 558,000, na hiyo ndo stori inayozunguka kwenye magrupu. Isiyozunguka ni kwamba Lafite ilipaishwa na wanunuzi wa China alafu 2011 ikaanza kuporomoka, na juzi juzi tu soko lilifika kileleni 2022 likaanza kushuka tena. Bei zinafuatiliwa London kwenye soko linaitwa Liv-ex, anzia huko, usianzie kwa jamaa wa grupu.

Sasa tatizo letu Mwanza ni joto. Waini ya kutunza inataka nyuzi 12 au 13 hivi zisizopanda na kushuka, giza, unyevu wa kutosha na chupa ilazwe ili kizibo kisikauke. Sisi mchana tunacheza kwenye 27, 28 karibu mwaka mzima, umeme ukikatika ndo kabisa, alafu mtu anaisimamisha kwenye kabati la kioo sebuleni, dirisha linaangalia ziwa, jua la jioni linaipiga yote, anakwambia anawekeza! Waini ni kama sangara, ikishakosa baridi njiani hata ukiirudisha kwenye barafu mnunuzi mzoefu anajua. Friji ya nyumbani nayo ni baridi mno na kavu, wiki chache sawa, miaka hapana.

Na hata ukiitunza vizuri, nani atakuamini? Wanaofanya hii kazi kweli wananunua kreti nzima kwenye boksi lake la mbao na hawaipeleki nyumbani kabisa, inalala kwenye ghala la forodha, ushuru haulipwi mpaka itoke, inaweza kubadilisha wenyewe hata mara tatu bila kusogea na karatasi zake zote zipo. Kuna tapeli anaitwa Rudy Kurniawan, alikua anachanganya waini nyumbani kwake California, anabandika lebo feki, matajiri wananunua kwa mamilioni, mpaka 2014 akahukumiwa miaka 10 jela Marekani. Hao walikua na wataalamu wao jamani, wewe una picha ya WhatsApp.

Hapa kwetu ongeza na hili: kuuza pombe kunataka leseni ya vileo, na chupa inatakiwa iwe na stempu ya kielektroniki ya TRA. Iliyokuja kwenye begi la shangazi haina, kwaiyo hatuwezi kuinunua hata ukitubembeleza vipi. Hela ya kuweka kama unayo, hati fungani za serikali hazihitaji friji.

Tunachofanya sisi: tunaiangalia chupa yako bure, tunakwambia inywe lini, na kama unaitunzia siku maalumu, mtoto kuhitimu au nini, tunakukodisha nafasi kwenye friji ya waini yenye betri ya akiba, unalipa kwa mwezi. Hatupokei iliyofunguliwa. Njoo nayo asubuhi kabla jua halijawaka, na usiiache kwenye buti la gari wakati unapita sokoni kwanza.