Tusimfunge punda nira ya ng'ombe

Mhariri,

Barabarani hapa Tabora, hasa wakati wa kusomba mahindi na kuni, utaona punda wakivuta mkokoteni kwa nira ya ng'ombe. Kosa hili linaumiza. Ng'ombe husukuma nira kwa nundu. Punda hana nundu, nguvu yake iko kifuani. Nira humkandamiza shingo na kumchubua mabega. Afungwe mkanda mpana wa kifuani, walau sentimita 8, uliotandikwa blanketi kuukuu. Ukae juu ya ncha ya bega, lakini chini ya koo usije ukamkaba. Kamba ya nailoni tupu hukata ngozi.

Akigoma, anaitwa mkaidi na kuchapwa. Jamani! Punda akiogopa au akiumia mara nyingi husimama tuli, hakurupuki kama farasi. Kagua mkanda, mgongo na kwato kabla ya kushika fimbo.

Usiku asiachwe mvuani, kwani manyoya yake hayazuii maji kama ya farasi. Wala asitenganishwe na mwenzake aliyemzoea. Anaweza kususa chakula. Maji safi, lita 10 hadi 25 kwa siku.

Mfugaji,
Tabora