Kadeti wa chuo: kabla ya kikao cha Jumamosi

Habari za jioni wanakikundi. Wengi mmeniuliza kuhusu ROTC, mpango wa Marekani wa kuwafunza wanafunzi wa vyuo kuwa maofisa wa jeshi. Nimeona niwajibu wote hapa.

Ulianzishwa rasmi 1916. Mwanafunzi anasoma shahada yake kama kawaida, iwe uuguzi au historia, na akihitimu anavishwa cheo cha luteni usu. Miaka miwili ya kwanza, asiye na ufadhili wao anaweza kujitoa bila kudaiwa utumishi. Mwaka wa tatu ndipo panapobana: unasaini mkataba, na lazima uwe raia wa Marekani. Jamani, msisaini kwa ajili ya ada tu. Utumishi ni wa miaka.

Kazi yenyewe? Mazoezi alfajiri, wenzako wa bwenini bado wanakoroma. Halafu porini na ramani na dira, usiku, unahesabu hatua zako kila mita 100 ukitafuta kinguzo kimoja. (Kupotea mara ya kwanza ni kwa kila mtu.) Kiangazi kabla ya mwaka wa nne ni kambi ya Fort Knox, Kentucky, ambako mnapokezana kuongoza kikosi huku mkipimwa.

Maswali yaandikeni hapahapa kabla ya Ijumaa usiku. Inboksi nimeifunga.