Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Wetu na Studio ya Ealing

Ndugu wanachama,

Naanza na lawama, maana najua zinanisubiri. Januari nilipopendekeza tutumie mwaka mzima kutazama filamu za kampuni moja ya Uingereza, ndugu yetu mmoja aliuliza kama za kwetu zimekwisha. Jibu lilipatikana Agosti, nitalifikia.

Tulikutana kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, isipokuwa Aprili, mvua ilipofunga njia. Hesabu atazisoma mweka hazina. Mimi nitaje tu taa ya projekta iliyoungua onyesho la Mei likiwa katikati: fundi alituuzia mtumba kwa bei ya mpya, na risiti hakutoa.

Sasa Ealing yenyewe. Ni studio ndogo ya magharibi mwa London, iliyoongozwa na Michael Balcon tangu 1938. Waandishi na waongozaji walikuwa waajiriwa wa kudumu; walibishana kwenye meza moja ya duara, kisha wakahamishia ubishi baa. Mwaka 1944 Balcon alifunga mkataba na kampuni kubwa ya Rank: Rank ichangie fedha na kusambaza, yeye abaki na uamuzi wa filamu gani itengenezwe. Kwa maoni yangu, mkataba huo ndio uliozaa 1949, mwaka wa Passport to Pimlico, Whisky Galore! na Kind Hearts and Coronets.

Katika ile ya kwanza, Uingereza ingali ya kadi za mgao, wakazi wa mtaa mmoja wanakuta hati ya kale isemayo kwamba eneo lao ni la Burgundy, utawala wa kale upande wa Ufaransa. Basi mgao hauwahusu tena! Wenzetu waliopanga foleni ya sukari na sabuni miaka ile ya 80 walicheka kuwashinda vijana.

Kind Hearts ndiyo iliyotuweka ukumbini hadi usiku. Alec Guinness anaigiza watu 8 wa ukoo mmoja, na kanisani 6 kati yao wanaonekana kwa pamoja. Kompyuta hakuna. Mpiga picha Douglas Slocombe aliikaza kamera isitikisike, akaziba sehemu ya picha, akampiga picha Guinness akiwa mtu wa kwanza, akaurudisha mkanda nyuma, akafungua sehemu nyingine, Guinness akabadili nguo, wakaanza upya. Usiku Slocombe alilala studio, kando ya kamera, mtu asije akaigusa. Kipande hicho tulikirudia mara 3.

Agosti ikaja Where No Vultures Fly ya 1951. Mwongozaji Harry Watt aliipigia picha Kenya, na mhusika wake mkuu ametokana na Mervyn Cowie, mwasisi wa hifadhi za taifa kule. Mwaka 1954 akaiendeleza kwa West of Zanzibar, ya magendo ya pembe za ndovu. Nyika imepigwa vizuri, sikatai. Ila shujaa ni Mzungu, na wenyeji wamewekwa pembeni katika nchi yao. Mjadala ulikwisha saa 4 usiku, mlinzi akitutikisia funguo. Aliyezungumza kuliko wote ni yule ndugu wa Januari.

Studio iliuzwa kwa BBC mwaka 1955, kwa pauni 350,000. Balcon aliendelea miaka michache kwingine kwa jina lilelile, kisha basi.

Ndugu yetu ameshaandaa orodha ya filamu za nyumbani kwa mwaka ujao. Ni ajenda namba 4. Taa ya akiba ipo, na safari hii ina risiti.

Mwenyekiti