Zimwi Lililotoka kwa Wavuvi

Shela, Malindi
Jumamosi usiku

Somo yangu,

Salamu nyingi ziwafikie nyote hapo Mkomani, Lamu. Sisi huku tu wazima. Kusi imekaza, vyombo vingi vimepandishwa juu, na samaki changu siku hizi tunamwona kwenye sahani za wageni tu. Basi wakati wa kuandika ninao.

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikicheka peke yangu jikoni. Eti umewawekea watoto ile picha ya kale ya Kijapani, Godzilla, ya zimwi linalotoka baharini, kwa kuwa mimi niliisifu mno. Wakaona ni mtu kavaa mpira anakanyaga vijumba vya maboksi, wakavunjika mbavu, nawe ukaizima. Kisha ukaniuliza, kwa ile sauti yako ya ualimu, mtu mzima anapata nini katika sinema za mambo ya mbele ambayo mbele yenyewe imeshapita. Nakujibu kwa kalamu, maana kwa simu utanikatiza.

Ni mtu kavaa mpira, sibishi. Jina lake Haruo Nakajima, na vazi lenyewe lilikuwa zito ajabu. Lakini uliizima kabla hujauliza swali ambalo mtu wa Lamu ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuliuliza: mbona picha inaanza na mabaharia na wavuvi? Kabla zimwi halijaonyesha hata ukucha, kuna chombo baharini, watu wamejipumzikia juu ya sitaha, mara mwanga mkali, bahari inachemka, chombo kinawaka na kuzama. Halafu tunapelekwa kisiwani, kijiji cha wavuvi, nyavu zinarudi tupu, na mzee mmoja anasema anajua ni nani anayewamaliza samaki.

Sasa nikueleze yaliyotokea kweli. Tarehe 1 Machi 1954 Wamarekani walilipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki, na nguvu yake ikapita zaidi ya mara mbili ya ile waliyokadiria wataalamu wao. Meli ndogo ya Wajapani ya kuvua jodari, Daigo Fukuryū Maru, ilikuwa nje ya eneo lililokatazwa, ikiwa na watu 23. Waliona mwanga unapanda upande wa magharibi kabla ya alfajiri. Saa chache baadaye vumbi jeupe likaanza kuwanyeshea, likatua nyweleni, shingoni, juu ya samaki. Walipofika bandari ya Yaizu walikuwa wamebabuka ngozi, na nywele zikawa zinawatoka. Sehemu ya samaki wao ilishafika sokoni ndipo habari zikatoka. Mwezi wa Septemba akafa mpiga redio wao, Aikichi Kuboyama. Picha ya Godzilla ikaonyeshwa tarehe 3 Novemba mwaka huohuo.

Miezi minane tu, somo. Wewe ni binti wa mvuvi, hebu fikiria soko la samaki la hapo kwenu siku ambayo watu wote wamekataa kununua jodari kwa kuogopa mionzi. Ndio watu waliokata tikiti kwenda kuliangalia lile zimwi. Kuna mahali, ndani ya treni, mwanamke analalamika kama anayelalamikia bei ya sukari: kwanza jodari wenye sumu, kisha mvua yenye sumu, na sasa huyu Godzilla, na yeye mwanamke ameshanusurika bomu la Nagasaki. Wakati Wamarekani wanaitawala Japani, hadi Aprili 1952, mambo ya bomu yalikuwa yakikaguliwa na kuzuiwa yasisemwe hadharani. Hapa yanasemwa waziwazi, ila yamevikwa mpira na magamba.

Angalia pia usije ukawa umepakua ile ya 1956. Hiyo Wamarekani waliikatakata, wakamchomeka Raymond Burr kama mwandishi wa habari wa kwao, na maneno mengi ya bomu yakatolewa. Ukiona Mzungu anasimulia kwa Kiingereza, izime bila huruma. Hapo nitakuunga mkono.

Jibu langu ndilo hilo, na mengine yote ni nyongeza. Bibi zetu walipotutolea ngano, zimwi lilikaa palepale ambapo mama hakutaka mtoto aende: kisimani jioni, kichakani, kwenye mnazi wa mtu. Ukitaka kujua mji uliogopa nini, uliza zimwi lao lilikaa wapi. Sinema hizi nazisoma hivyo. Mtu akinikuta natazama picha ya roketi akadhani nataka kujua kesho itakuwaje, amekosea mlango. Mimi nataka kujua walikuwa wakiogopa nini mwaka ule.

Chukua ile ya 1956 ya Don Siegel, Invasion of the Body Snatchers. Mji mdogo wa California, daktari anaanza kuletewa malalamiko ya ajabu: mjomba wangu si mjomba wangu. Sura ileile, sauti ileile, kumbukumbu zote anazo, lakini si yeye. Kumbe kuna maganda makubwa yanayozaa nakala za watu wakiwa usingizini. Wengine husema ni hofu ya wakomunisti kujipenyeza, wengine husema ni hofu ya wale waliokuwa wakiwasaka wakomunisti na kumtaka kila mtu afanane na jirani yake. Mimi naona ni zote mbili, na ndiyo maana haijachakaa. Na miaka ileile sisi hapa tulikuwa katika Hali ya Hatari, Waingereza wakiwasaka Mau Mau. Nairobi wachongezi walivikwa magunia yaliyotobolewa macho, wakipitishiwa wenzao mstarini. Mchongezi akitikisa kichwa tu, mtu anapandishwa lori. Wengine wakaishia hapo ng'ambo yenu, kambini Manda. Hatukuhitaji maganda kutoka angani ili tumwogope jirani. Lakini aliyepita enzi ile angeielewa picha hii bila kutafsiriwa.

Ya Mfaransa Méliès ya 1902, ya kwenda mwezini kwa mzinga, ni fupi, itazame ukisubiri chai ichemke. Wataalamu wa nyota wanatua mwezini, wanawakuta wenyeji, wanawapiga kwa miavuli na wenyeji wanageuka moshi. Kisha wanarudi na mmoja wao mateka na kumtembeza kwenye sherehe. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani Viktoria mwaka mmoja tu kabla yake. Sina la kuongeza. Metropolis, ya Fritz Lang, Ujerumani 1927, ni ndefu na nzuri kwa macho, matajiri juu kwenye maghorofa na wafanyakazi chini ya ardhi wakizitumikia mashine. Ila mwisho wake unanikera: tajiri na msimamizi wa wafanyakazi wanashikishwa mikono mlangoni mwa kanisa na eti yamekwisha. Lang mwenyewe baadaye alisema mwisho ule haukumridhisha.

Sasa njoo huku kwetu, maana hapa ndipo ninapopata hamu ya kugombana na sinema. 2001: A Space Odyssey ya Kubrick ilitoka Aprili 1968. Ni picha ya watu waliojiamini kupita kiasi. Chombo cha kupeleka abiria angani kina nembo ya Pan Am, shirika la ndege lililofilisika 1991, likawa halipo hata mwaka wenyewe ulipofika. Wanaume ndio wenye mikutano na siri za serikali. Wanawake wengi ni wa kubeba trei za chakula na kupokea wageni. Hofu pekee waliyoiruhusu iingie ni kompyuta, HAL, yenye jicho jekundu na sauti ya upole inayokukatalia kufungua mlango. Hapo walilenga vizuri. Na Afrika je? Imo. Imo mwanzoni kabisa, miaka milioni nne nyuma, ikiwa na manyani. Watu wanapoanza kwenda mwezini, sisi hatuonekani tena.

Nami nikaitazama picha hiyo hapa Malindi, safari fupi tu kutoka Ngomeni, roketi zilikorushwa! Babu yangu hakuwahi kuingia sinema ya namna hiyo, lakini roketi aliijua. Alikuwa akisimulia moto unaopanda kutoka baharini na ngurumo inayofuata nyuma yake. Tarehe 26 Aprili 1967, mwaka mzima kabla ya picha ya Kubrick, Waitaliano walirusha setelaiti yao kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama majini kwenye ghuba ya Ungwana. Tarehe 12 Desemba 1970 ikarushwa kutoka hapohapo setelaiti ya Wamarekani ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka angani, ya kwanza duniani kwa kazi hiyo, na kwa kuwa ilikuwa siku ya uhuru wa Kenya wakaiita Uhuru. Vipimo vyake vilisaidia kukitambua kitu kiitwacho Cygnus X-1 kuwa huenda ni shimo jeusi, kitu cha angani chenye mvuto ambao hata mwanga hauponyoki. Mashimo meusi, somo, na wavuvi wa Ngomeni wakitega madema upande wa pili. Nani katika watunga picha wa enzi ile aliyewahi kulitia hilo kwenye sinema?

Ilibidi tungoje hadi 2009, Mkenya mwenzetu Wanuri Kahiu alipotengeneza Pumzi. Dakika ishirini na kitu tu. Vita vya maji vimeshapiganwa, watu wanaishi wamefungiwa ndani, jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena, na mwanamke mmoja anaitwa Asha anaotesha mbegu aliyokatazwa. Mwaka ule ukame uliitafuna Kenya na ng'ombe wakafa barabarani, na Wangari Maathai alikuwa ameshatufundisha kuuangalia mti kwa jicho lingine. Kwa mara ya kwanza niliona zimwi limekaa mahali ninapopajua.

Basi na mimi nina swali kwako. Ungepewa pesa ya kutengeneza picha moja ya namna hii hapo Lamu, ungeanzia wapi? Mimi ningeanzia ghuba ya Manda, baada ya magati ya bandari mpya, na mvuvi anayetafuta mlango wa bahari alioonyeshwa na babake, akikuta kina kimebadilika na taa za meli zisizo na watu. Ningetia na ule mtambo wa makaa ya mawe ambao kibali chake kilifutwa 2019, ila katika picha yangu ungekuwa umejengwa. Najua utaniambia hiyo si ndoto ya kisayansi, hiyo ni kesi ya mahakamani. Niandikie ubishi wako kwa urefu, na usiache kunitajia zimwi lako lingekaa wapi.

Wasalimie wote nyumbani, mama hasa. Mkate wa mofa uliotuma ulifika salama na haukumaliza siku.

Wako,
Somo yako wa Malindi