Wafundisheni wanafunzi wa uuguzi kuuliza saa ya kete ya mwisho ya heroini

Mhariri,

Kijana anaingia zahanati asubuhi akipiga miayo mfululizo, kamasi na machozi yanamtoka, tumbo linamsokota, viungo vinamuuma. Mwanafunzi wa uuguzi anampima malaria, majibu yanatoka hasi, anampa dawa ya kuhara na parasetamo, anamruhusu. Hakupitisha kiganja kwenye mkono wake akahisi vinyweleo vilivyosimama. Hakutazama mboni zilizotanuka ilhali joto la mwili ni la kawaida. Hiyo ni arosto, taabu ya mwili uliozoea dawa kama heroini unapoikosa, na vyuo vyetu vinapaswa kuifundisha kando ya mgonjwa, si ubaoni tu.

Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, na kliniki nyingine zikafuata. Lakini mwenye uraibu wa heroini haanzii huko kila mara. Huja zahanati na jipu, au kliniki ya wajawazito, na anayempokea ni muuguzi.

Swali la "unatumia dawa za kulevya?" hujibiwa "hapana", na mazungumzo huishia hapo. Mwanafunzi azoee kuuliza kwa utulivu: kete ngapi kwa siku, unavuta au unajidunga, sindano mnachangia, na ya mwisho ulitumia saa ngapi? Hilo la mwisho ndilo ufunguo. Arosto ya heroini huanza saa 6 hadi 12 baada ya kete ya mwisho na hukaza zaidi kati ya saa 36 na 72. Aliyetumia saa moja iliyopita akidai ana arosto, kuna jambo la kuchunguza. Mikono isiyo na makovu nayo isimdanganye mtu: wapo wanaovuta tu, na wapo wanaojidunga kinenani au shingoni.

Kipimo cha COWS, fomu ya kupima ukali wa arosto kwa alama, kina vipengele 11. Alama 5 hadi 12 ni arosto nyepesi, 13 hadi 24 ya wastani, 25 hadi 36 kali kiasi, kuzidi hapo kali sana. Makosa huanzia kwenye mapigo ya moyo. Mgonjwa akae au alale dakika moja kwanza, kwa sababu aliyetoka kupanda ngazi, au mwenye homa, ataongezewa alama zisizo za arosto. Mboni zipimwe kwenye mwanga wa kawaida wa chumba. Alama zilizokuzwa zina hatari yake, maana huweza kumshawishi mtoa dawa kuanza na dozi kubwa. Dozi ya kwanza ya methadoni isizidi miligramu 30, kwani dawa hii hujilimbikiza mwilini kwa siku kadhaa, na dozi iliyoonekana ndogo Jumatatu inaweza kuzima pumzi Alhamisi.

Arosto peke yake haithibitishi uraibu. Mgonjwa wa saratani anayemeza mofini, dawa ya maumivu ya jamii moja na heroini, kama alivyoandikiwa anaweza kuzoea dozi na kupata arosto akikatishiwa, bila kuwa mraibu. Mwanafunzi aulize kuhusu miezi 12 iliyopita: amejaribu kuacha akashindwa? Kazi na familia vimeharibika? Anaendelea ingawa anaona madhara?

Lipo kosa jingine linalotuuma sana. Mtu aliyetulia kwenye methadoni anaanza dawa za kifua kikuu, na baada ya siku chache anarudi akitetemeka na kutokwa jasho. Anaambiwa amerudia unga. Kumbe rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu, huharakisha ini kuivunja methadoni, na dozi ile ile haimtoshi tena. Anayehitaji kuongezewa dozi anafukuzwa kwa maneno, na anaweza kuacha dawa zote mbili.

Tunaomba vyuo viweke kituo kimoja cha mtihani wa vitendo: dakika 15, mtu anayeigiza mgonjwa, saa ya ukutani na fomu ya COWS. Mwanafunzi asiyeuliza saa ya kete ya mwisho, au asiyehesabu pumzi za mgonjwa anayesinzia mwenye mboni ndogo kama ncha ya sindano (dalili za dozi iliyozidi, si arosto), arudie kituo hicho.

Walimu wa uuguzi,
Dar es Salaam