Desemba hii nenda Kibosho

Agnone, 10 Desemba

Mwanangu mpenzi,

Nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti. Unasema mwaka huu Noeli utaila hukohuko Dar, kwa sababu nauli imepanda, kazi ni nyingi, na zaidi ya yote mama hayupo, kwa hiyo nyumbani hakuna mtu. Nimeona nikuandikie badala ya kupiga simu, maana kwenye simu utanikatisha katikati. Soma mpaka mwisho, baba yangu.

Nyumbani yupo bibi yako.

Mimi sina namna ya kuja. Bibi mzee ninayemtunza huku Italia hawezi kuachwa peke yake hata usiku mmoja, na wanawe wakifika kwa sikukuu ndipo kazi inapoongezeka. Lakini wewe uko safari ya siku moja tu kutoka kwetu Kibosho, Kilimanjaro, na ninataka nikueleze mambo ninayoyaona huku, kwa sababu ndiyo yanayonifanya nisinyamaze.

Watu wakisikia Italia wanawaza Roma na Milano, maduka na taa. Huku Molise ni milimani, mkoa mdogo uliokuwa sehemu moja na Abruzzo hadi mwaka 1963, na leo watu wake wote hawafiki 300,000. Agnone, mji ulio karibu na kijiji chetu, uko zaidi ya mita 800 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ni ile ya kuuma masikio. Wakazi wake hawafiki 5,000. Mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao. Kijijini hali ni nzito zaidi. Nikienda kununua mkate napita nyumba za mawe, imara, nzuri kabisa, zimefungwa makomeo, na majina ya wenyewe bado yako milangoni. Sisi Wachaga tuliozoea kihamba, shamba la ukoo, kugusana na kihamba, hata ugomvi wetu ukawa wa mipaka, mimi sikujua kwamba nchi yenye maji na barabara nzuri inaweza kuishiwa watu.

Walienda wapi? Argentina, Kanada, Marekani, migodi ya makaa ya mawe ya Ubelgiji. Baadaye Torino na Ujerumani, viwandani. Tarehe 6 Desemba 1907 mgodi wa Monongah, kule West Virginia, ulilipuka. Hesabu rasmi ya waliokufa ni watu 362, na kati yao walikuwemo wanaume wengi wa vijiji vya mkoa huu. Waza habari hizo zinafika huku mwezi wa Noeli, kwa mama waliokuwa wakingoja barua na hela ya sikukuu. Pale Agnone kuna kiwanda cha kusubu kengele cha ukoo wa Marinelli, cha kale sana, ambacho Papa Pius XI alikiruhusu mwaka 1924 kutumia nembo ya Papa. Kengele ya kuwakumbuka wale wachimbaji ilisubiwa humo, ikapelekwa Monongah miaka 100 ilipotimia. Naipenda sana habari hiyo. Waliobaki walikuwa bado wanawahesabu walioondoka kuwa ni watu wao.

Juzi, sikukuu ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, binti wa jirani alikaa na bibi ili mimi niende mjini kuona mienge. Wanaiita 'Ndocciata. Zamani wakulima wa mashambani walikuwa wakija kanisani usiku wa mkesha wa Noeli, gizani, juu ya theluji, wakijimulikia kwa vijiti vya mti wa jamii ya msonobari, kwa kuwa mti huo una utomvu na hauzimiki upesi kwa upepo. Kidogo kidogo kila kitongoji kikataka mwenge wake uwe mkubwa kuliko wa wenzao. Sasa mwenge mmoja unafika mita 3 au 4 kwenda juu, na inafungwa mingi pamoja ikatandazwa kama mkia wa tausi, mafungu mengine yana ndimi 20 za moto. Mwanamume mmoja anauingia katikati, anaubeba mabegani, amevaa joho jeusi, na kuna mahali anasimama anazunguka nao huku cheche zinaruka. Zinapigwa kengele, halafu inakuja mienge mingine, na mingine, barabara yote inakuwa mto wa moto, unasikia joto usoni na baridi mgongoni kwa wakati mmoja. Mwishoni yote inatupwa pamoja, linawaka moto mkubwa mmoja. Mwaka 1996 waliipeleka hadi uwanja wa Mtakatifu Petro, mbele ya Papa Yohane Paulo II. Tarehe 24 watawasha tena.

Nilichokitazama zaidi ni wabebaji. Wengi ni vijana wa umri wako, na wengine hawaishi hapa. Mmoja aliyesimama karibu nami, akijifuta masizi, aliniambia anafanya kazi Bologna, aliendesha gari usiku kucha ili awahi, kwa sababu mwenge ule baba yake aliubeba na babu yake aliubeba. Alisema hivyo kwa haraka tu, kama mtu anayeeleza jambo lisilohitaji maelezo.

Wazee wa huku, mwanangu, kuanzia Novemba wana swali moja. Kwa mwoka mikate, kwa daktari, nje ya kanisa, wanaulizana: "Wako wanakuja?" Ambaye wanakuja anataja na siku, na treni, na wajukuu wangapi. Ambaye hawaji anajibu upesi kabla hujamaliza kuuliza: kazi ni nyingi, nauli imepanda. Nilipousikia ujumbe wako niliwakumbuka mmoja mmoja kwa sura zao.

Mwaka jana wana wa bibi huyu walikuja wote wawili, mmoja kutoka Torino, mwingine kutoka Ujerumani na watoto. Wiki nzima kabla, bibi ambaye siku nyingine huwezi kumtoa kitandani aliniamrisha kutoka kwenye kiti chake jikoni. Samaki mkavu wa chumvi, baccalà, alowekwe siku mbili tatu na maji yabadilishwe, kwa kuwa mkesha hawali nyama, ni samaki tu na mboga. Njugu za miti ya huku na asali kwa ajili ya vitumbua vyao vya Noeli. Pango la Mtoto Yesu alitaka lipangwe na yeye mwenyewe, kwa mikono ile inayotetemeka, kila kondoo mahali pake, na kichanga akafichwa kabatini hadi usiku wa manane. Siku yenyewe ya Noeli ni supu ya kuku iliyotiwa vipande vya mkate wa kukaanga, jibini na vidonge vya nyama vya kuviringa, vidogo kama punje za njegere. Nilivifinyanga mpaka vidole vikafa ganzi. Wanaume wawili wakapita nyumba kwa nyumba wakipuliza zampogna, ile ala ya mfuko wa ngozi ambayo wachungaji wa milima hii walikuwa nayo. Nyumba zilizofungwa mwaka mzima zilikuwa na moshi juu ya paa.

Halafu tarehe 6 Januari, sikukuu ya Epifania, watoto wanapata peremende za kibibi anayeitwa Befana, na siku ya pili yake magari yanapakiwa. Bibi alilala siku nzima. Lakini hadi Pasaka alikuwa akinisimulia Noeli ile, nani alisema nini mezani.

Mwaka 2019 serikali ya mkoa huu ilitangaza kuwalipa euro 700 kwa mwezi, kwa miaka mitatu, watu watakaohamia vijiji vyenye wakazi chini ya 2,000 na kufungua biashara. Fikiria mahali palipofikia kutafuta watu kwa fedha! Kibosho hatujafika huko, tuna watoto na shule zimejaa. Lakini usidhani hawa nao walijua. Hakuna aliyeamua siku moja kuufunga mlango moja kwa moja. Walikosa mwaka mmoja kwa sababu ya kazi, wakakosa mwingine kwa sababu ya nauli.

Watu hututania sisi Wachaga kwamba Desemba tunaenda kuhesabiwa. Mimi sioni utani. Hata Yosefu na Maria walikuwa safarini kwenda kuandikwa kwenye mji wa ukoo wao. Bibi yako anahesabu kweli. Jumapili nilipompigia alikuwa ameshasema mbege, pombe yetu ya ndizi, ya sikukuu itaanza kupikwa lini, ameshamtenga mbuzi, na aliniuliza kama bado unapenda mtori mzito. Sikumwambia habari ya ujumbe wako, na sitamwambia.

Basi fanya hivi. Hela ya nauli nimeshatuma, angalia simu yako. Kata tiketi wiki hii, ya kwenda na kurudi, dirishani pale stendi ya Magufuli, usimpe hela mpiga debe. Ukichelewa mabasi ya Moshi yatakuwa yamejaa, na kama yamejaa uliza treni. Mbebee bibi sukari, majani ya chai na khanga mpya, na dawa zake za presha za miezi miwili. Ukifika, kabla ya kukaa, pita makaburini kwa babu ukapalilie. Usiku wa mkesha mpeleke misani, barabara ina matope na yeye hakubali kushikwa mkono na mtu mwingine.

Saa za huku ziko nyuma yenu kwa saa mbili. Nitapiga mkitoka kanisani. Simu iwe na chaji, na uiwashe video ili nimwone.

Mama yako